Kiti cha Pili

Mnunuzi wa gari la kawaida huuliza limetembea kilomita ngapi. Mnunuzi wa gari la mbio hana haja na swali hilo. Yeye huuliza injini ilifunguliwa lini na tangu hapo imefanya kazi kwa saa ngapi, mikanda ya kiti inaisha muda wake mwaka gani, kizimba cha mabomba kilichomelewa na nani, gari limewahi kupinduka au la, na kijitabu chake kiko wapi. Kijitabu hicho hutolewa na chama cha mbio gari linapokaguliwa kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo huandamana nalo kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Likigongwa uwanjani, mkaguzi huandika humo limeumia wapi, nalo haliruhusiwi kukimbia tena mpaka iandikwe kwamba limetengenezwa.

Nimesoma matangazo mengi ya kuuza magari ya namna hii huko Marekani, na kinachonishika ni mstari unaokuja mwishoni, baada ya orodha ya spea, rimu za akiba na trela: mwuzaji yuko tayari kubadilishana na gari la spoti, tofauti ya fedha itazungumzwa. Msomaji mwenye haraka anaupita. Mimi naona huyo mtu amesema jambo zito hapo. Angekuwa amechoka na magari angetaka fedha taslimu, akanunue boti au alipe deni la nyumba. Anataka kubaki dereva, ila dereva wa aina nyingine, na ninataka kuelewa kile anachokitoa na kile anachokipokea, kwa sababu nadhani vyote viwili ni vikubwa kuliko bei yake.

Nichukue gari ambalo biashara hii hulihusu mara nyingi. Mazda MX-5, ambalo Wamarekani wanaliita Miata, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago Februari 1989. Lilikuwa na viti viwili, paa la turubai la kukunja, injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116, na uzito usiofika tani moja. Halikuwa na mbio za kutisha. Uzuri wake ulikuwa wepesi: usukani uliotii papo hapo, gia iliyoingia kwa kifundo cha mkono tu. Kufikia 2016 kampuni ilikuwa imetengeneza zaidi ya magari milioni moja ya jina hilo. Na kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu na gumu kuharibika, watu wa mbio walilichukua. Likazaliwa daraja la mashindano linaloitwa Spec Miata, ambamo springi ni za aina moja, matairi ya aina moja, injini haziruhusiwi kuchezewa sana, na tofauti kati ya wa kwanza na wa ishirini inabaki kuwa dereva.

Kwa hiyo gari hili la mbio lilizaliwa gari la spoti. Mtu anayetoa Miata yake ya mbio ili apate Miata nzima ya barabarani anabadilishana gari lile lile, na vitu pekee vinavyopita kati ya mikono miwili ni vile vilivyong'olewa. Zulia, redio, turubai, kipasha joto, mifuko ya hewa, vitambaa vya milango, na kiti cha abiria. Mahali pa vyote hivyo pamewekwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwenye mwili wa gari, kiti kimoja kigumu kinachomkumbatia dereva mbavuni, mkanda wenye ncha sita, wavu wa dirishani, mtungi wa kuzima moto, na swichi ambayo mwokoaji anaweza kuifikia kwa nje akakata umeme. Kila kimoja kina sababu, na karibu kila sababu ilipatikana kwa kifo cha mtu. Mfano ni kifaa cha kuzuia shingo isivunjike, kinachovaliwa mabegani na kufungwa kwenye helmeti, kilibuniwa miaka ya 1980 na profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan pamoja na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa akikimbiza magari ya Mazda. Kilipuuzwa na wengi hadi dereva Dale Earnhardt alipofariki katika mbio za Daytona Februari 2001. Mwaka huo huo kifaa cha aina hiyo kikawa lazima katika mbio kubwa za magari za NASCAR.

Na hapo ndipo gari linapopoteza njia ya kurudi nyumbani. Kizimba kinachomwokoa dereva mwenye helmeti kinaweza kumuua asiye nayo, maana ajali ndogo ya mjini inatosha kukigongesha kichwa kwenye bomba. Ndiyo maana gari la mbio husafiri likiwa juu ya trela. Mwenye gari anahitaji pikapu ya kulivuta, mahali pa kuiweka trela, na jirani asiyelalamika.

Sasa tulifuate mpaka huko linakopelekwa. Uwanja ninaoufikiria ni Lime Rock Park, kaskazini-magharibi mwa Connecticut, kati ya vilima vya misitu. Ulifunguliwa 1957. Hauna majukwaa, watazamaji hukaa kwenye majani mteremkoni, na vikapu vyao vya chakula. Barabara yake ni kilomita 2.4 tu, kona saba, na katika saba hizo moja pekee ndiyo inayokwenda kushoto. Miata ya mbio huuzunguka kwa dakika moja na sekunde chache. Siku za Jumapili injini za mbio hazisikiki kabisa, kwa sababu majirani walikwenda mahakamani na amri ya 1959 ikazizuia. Hata kwenye tamasha kubwa la Septemba, Jumapili magari hupangwa kando ya barabara yakiwa yamezimwa, watu wakapita kuyaangalia.

Kona ya mwisho inaitwa Downhill. Dereva anatokea juu ya kilima, gari linakuwa jepesi chini yake, kisha barabara inaporomoka kulia na bondeni inalikandamiza gari lote kwenye matairi, na hapo hapo lazima liwe limeshaelekezwa kwenye mstari mrefu ulionyooka. Akiachia mafuta kidogo kwa hofu, amepoteza mwendo ambao hataupata tena mpaka mwisho wa mstari huo, kwa kuwa injini haina nguvu za kumsamehe. Akiyaachia ghafla katikati ya kona, sehemu ya nyuma inamtoka. Gari lenye nguvu ndogo linadai hivyo katika kila kona: ulicho nacho ukitumie chote, wala usikitupe. Na baada ya dakika moja saa inamwambia dereva alichofanya, kwa sehemu za elfu za sekunde, bila kumjali cheo wala umri.

Hicho ndicho kitu cha kwanza anachokitoa mwuzaji. Wengi hufikiri anatoa mwendo. Mwendo ataupata, tena mwingi zaidi, kwenye gari atakalolichukua. Anachokitoa ni mahali pa kuambiwa ukweli. Katika maisha ya mtu mzima mahali hapo ni pachache sana. Kazini anasifiwa na wanaomhitaji, nyumbani anavumiliwa na wanaompenda, na mwenyewe anajiwekea hesabu anazotaka. Uwanjani kuna kona moja ambayo ameshindwa kuipita vizuri msimu mzima, na hakuna anayeweza kumtetea mbele yake. Nimewaona watu wazima, madaktari na mafundi bomba, wakikaa juu ya matairi kati ya zamu na zamu, wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu kona hiyo moja kwa namna ambayo sidhani wanazungumza kuhusu jambo jingine lolote. Ule unyenyekevu ninauheshimu. Haununuliwi pamoja na gari, lakini bila gari hilo hauna pa kutokea.

Kwa nini basi wanauza? Sababu zenyewe ni za kawaida. Ada za kuingia, matairi, pedi za breki, mafuta ya breki yanayochemka, injini inayotaka kufunguliwa. Mgongo. Watoto wenye mechi Jumamosi. Mikanda na helmeti vina tarehe zake, na siku vinapoisha muda pamoja mtu hujikuta akihesabu gharama ya kuanza upya.

Lakini biashara yenyewe ni ngumu kuliko sababu zake. Mwenye duka la magari hapokei gari la mbio kama malipo ya awali. Hana wa kumwuzia, wala haliwezi kuendeshwa barabarani hata kwa majaribio. Kwa hiyo mwuzaji lazima amtafute mtu mwingine anayesafiri njia ile ile kwa kuelekea upande wa pili, mwenye gari la spoti linalokaa gerejini bila kutembea, anayetamani kuanza mbio. Wanakutana, wanafungua boneti zote mbili, na kila mmoja anaona kwa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe amekichoka. Thamani ya gari la mbio hapo huwa ndogo mno ikilinganishwa na fedha zilizozama ndani yake. Kizimba, kiti, mikanda, saa za fundi: soko halizilipi. Mwuzaji anayejaribu kuzidai zote hukaa na gari lake mpaka mpira unakauka. Fedha zile zilishalipa kilichokusudiwa siku zile zile zilipotumika, na sioni uonevu katika hilo.

Na upande wa pili anapokea nini? Tuseme amepata Porsche 718 Cayman. Nguvu za farasi 300, mwendo wa juu kilomita 275 kwa saa. Barabara kuu za Connecticut zinaruhusu kilomita 105 hivi. Gari hilo linafika kikomo cha sheria katika sekunde tano, na baada ya hapo uwezo wake uliobaki hauna mahali halali pa kukaa. Alikuwa na uwezo mdogo akautumia wote; sasa ana uwezo mkubwa asioruhusiwa kuugusa. Kwa mtu aliyezoea kufika ukingoni mwa gari kila dakika, hili si jambo dogo. Kuna watakaosema ataugusa tu, usiku, kwenye barabara ya msituni isiyo na watu. Hapo ninapinga kwa nguvu zangu zote. Barabara ya umma haina mtu wa bendera anayekuonya kwamba kuna gari limesimama ng'ambo ya kona. Haina gari la wagonjwa linalosubiri. Ina kulungu, mzee anayetoka getini kwa baiskeli, mafuta yaliyomwagika. Aliyewahi kukimbia kwelikweli anayajua haya kuliko mtu yeyote, na ujuzi huo ndio unaopaswa kuvuka pamoja naye.

Ninapofikiria kitu gani kinaweza kuvuka kutoka uwanjani kwenda barabarani, ninamfikiria John Fitch. Alikuwa meneja wa Lime Rock katika miaka yake ya mwanzo. Kabla ya hapo alikuwa rubani wa ndege za kivita, kisha dereva wa Mercedes-Benz. Katika mbio za Le Mans, tarehe 11 Juni 1955, alipangiwa gari moja na Mfaransa Pierre Levegh, wapokezane usukani. Levegh alianza. Kabla Fitch hajaishika zamu yake, gari liligonga lingine likaruka, vipande vyake vikaingia katikati ya watazamaji. Walikufa zaidi ya 80, na Levegh mwenyewe. Usiku ule Mercedes waliyaondoa magari yao mengine mashindanoni.

Mtu huyo hakuyachukia magari. Aliendelea kukimbia, akajenga hata gari lake la spoti la barabarani, Phoenix, la 1966, ambalo halikupita moja. Lakini kitu alichokiacha barabarani na ambacho mamilioni wanakipita kila siku bila kujua jina lake ni mapipa ya plastiki yenye mchanga, yaliyopangwa mbele ya nguzo za zege pale barabara kuu za Marekani zinapogawanyika. Ya mbele yana mchanga kidogo, ya nyuma mwingi, ili gari linaloyagonga lipunguzwe mwendo kwa awamu badala ya kusimamishwa na zege mara moja. Aliyejua kwa undani mwendo ni kitu gani aliutumia ujuzi huo kuwatengenezea watu wasio na habari naye mahali pa kusimama. Mapipa hayo yanaitwa kwa jina lake. Fitch alifariki 2012, katika eneo lile lile la Lime Rock.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea picha tofauti ya mbio. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa na uwanja. Barabara ya mbio ilikuwa barabara ya sokoni, yenye matope yale yale na ng'ombe wale wale, na magari yalikuwa ndugu wa karibu sana wa yale yaliyowapeleka watu kazini. Joginder Singh aliposhinda 1965 alikuwa kwenye Volvo PV544 iliyokuwa imeshakimbia Safari ya mwaka uliotangulia, gari lililopita mkono mmoja kwenda mwingine kama yale ya kwenye matangazo. Na pembeni yake alikaa ndugu yake Jaswant. Katika mbio zetu kiti cha pili hakikung'olewa kamwe. Kilikuwa na mtu mwenye ramani na saa, aliyejua walipo na wanapokwenda, na ushindi uliandikwa kwa majina mawili. Nadhani ndiyo sababu gari la mbio la uwanjani, lenye kiti kimoja na shimo la chuma kitupu mahali pa cha pili, hunipa upweke kila ninapolichungulia ndani.

Kiti hicho ndicho mwuzaji wetu anachokirudisha. Angalia namna anavyoliendesha gari la spoti siku za mwanzo. Anaingia kona akiwa mpole kuliko alivyotarajia, kwa sababu pembeni kuna binti yake wa miaka kumi anayemweleza habari ndefu ya mwalimu wa hesabu. Kipimo kimebadilika: habari ya binti isikatike. Abiria anapoacha kuzungumza na kushika mlango, dereva amekosea, hata kama matairi hayajalia. Nasema bila kusita kwamba hiki ni kipimo cha ufundi sawa na kile cha saa. Kushika breki ili kichwa cha aliye pembeni kisiinamie mbele, kugeuza usukani mara moja tu kona nzima bila kurekebisha, kuchagua gia kabla injini haijaomba: haya ni mambo yale yale ya Lime Rock yakifanywa kwa mwendo wa kwenda kununua mkate. Aliyejifunza kwenye gari dhaifu lililodai kila kitu anaweza kuyafanya vizuri kuliko tajiri aliyeanzia kwenye farasi 300.

Na kuna kiti cha pili cha namna nyingine. Vilabu vya Marekani vina siku za mafunzo uwanjani, ambapo watu wa kawaida huja na magari yao ya barabarani, na pembeni ya kila anayeanza hukaa mwalimu aliyefunga mkanda na kuvaa helmeti. Vilabu havina budi kuwatafuta walimu hao, na wengi wao ni watu waliowahi kukimbia. Nimewasikia wakisema kwamba ni kazi ya hofu kuliko mbio, kwa kuwa breki ziko kwa mwingine na wewe una maneno tu. Angalia mbele zaidi. Subiri. Sasa. Mtu aliyeuza gari lake akaichukua kazi hii hajaondoka uwanjani. Amehamia upande wa pili wa gari, na ukweli wa kona ileile anaendelea kuupata, safari hii kwa kuuona mikononi mwa mwanafunzi.

Sisemi kila mtu auze. Mwigizaji Paul Newman alianza mbio akiwa mtu mzima baada ya kuigiza filamu ya dereva, akawa wa pili Le Mans mwaka 1979, akashinda daraja lake katika saa 24 za Daytona 1995 akiwa na miaka 70, na aliendelea kukimbia alipokuwa ameshapita 80. Lime Rock ilikuwa nyumbani kwake. Kuna watu ambao gari la mbio ndilo linalowaweka sawa, na kumshauri wa namna hiyo achukue gari la kifahari lenye viti vya ngozi ni kutomjua.

Ila anayeuza, ningemwomba jambo moja kuhusu namna ya kuuza. Atashawishika kulipasua. Injini kwa mmoja, gia kwa mwingine, shokapu kwa wa tatu, kizimba kikatwe kiende kwenye vyuma chakavu. Mara nyingi hesabu inatoka juu kuliko kuliuza zima, na ndiyo njia ambayo magari mengi mazuri ya mbio yameishia. Naona ni hasara isiyo ya lazima kama mtu anaweza kuimudu tofauti ya bei. Gari zima, lililokaguliwa, lenye mikanda iliyobakiza mwaka mmoja, ndilo pekee ambalo kijana wa mshahara mdogo anaweza kuanza nalo. Kulijenga upya kutoka mwanzo hatoweza. Na likiuzwa zima linaweza kwenda pamoja na lile daftari la gerejini ambalo kila mwenye gari la mbio analo: kiasi cha hewa cha matairi asubuhi yenye baridi, gia ya kupandia kilima, pedi zipi zilikula rota na zipi hazikula, mlio wa beringi ya nyuma wiki moja kabla haijafa. Hayo hayana bei kwenye tangazo, na mnunuzi mpya hajui kuyauliza. Inabidi apewe.